Lineari au isiyo lineari? Kuchagua aina ya uchambuzi kwa kila kesi ya mzigo

Ghala lenyewe halikuwa kubwa. Fremu sita za chuma, paa la bati, na kwenye kuta za pembeni vyuma vyembamba vya mshazari vilivyopishana kama herufi X ili kuzuia upepo. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Programu ilimaliza kukokotoa kwa sekunde chache, ikanipa picha yenye rangi ya kijani mwanzo mwisho, nami nikamwita mzee aliyekuwa akikagua kazi zetu aje aone.

Akaweka kidole kwenye X moja. "Hizi zote mbili zinafanya kazi?"

"Ndiyo mzee. Moja inavutwa, nyingine inabanwa."

"Chuma chembamba hivi, mita saba na nusu, kinabanwa na kinatulia?"

Nikanyamaza. Nafasi kati ya nguzo ilikuwa mita 6, kimo mita 4.5, kwa hiyo mshazari mita 7.5. Upepo ulileta kilonyutoni 60 juu ya nafasi ile. Programu iligawa mzigo sawasawa: 37.5 za kuvuta kwenye mshazari mmoja, 37.5 za kubana kwenye mwingine. Ukweli ni kwamba ule wa kubanwa ungejipinda mapema kama ufito, na mwenzake ungebeba wote: 60 kugawa kwa 0.8, yaani kilonyutoni 75. Mara mbili ya nilichokuwa nimekisanifia, pamoja na bolti zake na bamba lake la kuungia.

Nilikuwa nimeacha kesi ya upepo kwenye aina ya uchambuzi ambayo programu hujiwekea yenyewe, yaani statiki ya lineari: mzigo umetulia, na majibu yanakua sawasawa na mzigo. Kisanduku kile kidogo huwa wengi hatukigusi, na mwongozo huu ni wa kisanduku hicho. Mifano yangu inatoka zaidi kwenye programu za SAP2000 na ETABS kwa kuwa ndizo ninazofungua kila asubuhi, lakini STAAD.Pro na Robot zina mambo yaleyale kwa majina mengine.

Hatua ya 1: Tofautisha mzigo, kesi na mchanganyo

Watu huvichanganya vitu hivi vitatu kwa sababu programu huvitengeneza kwa pamoja na kuvipa jina moja. Ukiandika DEAD kwenye orodha ya mizigo, ETABS inakuundia na kesi inayoitwa DEAD bila kukuuliza.

Mzigo ni maelezo tu: uzito huu, mahali hapa, kuelekea huku. Haujakokotolewa. Kesi ni amri: chukua mzigo huu, au mizigo hii kadhaa kwa vizidisho hivi, uuweke kwenye jengo lililo katika hali fulani, ukokotoe kwa njia fulani. Aina ya uchambuzi inakaa kwenye kesi, haikai kwenye mzigo. Mchanganyo, nao, hauchambui kitu. Unachukua majibu ambayo yameshatoka kwenye kesi, unayazidisha na kuyajumlisha, kama muuza duka anayejumlisha bei kwenye kikokotoo.

Shika hilo la mwisho, maana ndipo penye mtego. Kujumlisha majibu ni halali pale tu ambapo jengo lenyewe linajumlisha.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la mara mbili

Kabla sijachagua aina yoyote, kila kesi naiuliza swali moja lenye sehemu tatu: nikiongeza mzigo huu mara mbili, je, kila jibu litaongezeka mara mbili kamili? Kusogea, momenti (nguvu ya kupinda), nguvu ya egemeo, vyote? Nikiugeuza mwelekeo, je, majibu yatageuka alama tu? Na jengo lote lilikuwepo mzigo ulipoingia?

Jibu likiwa ndiyo kote, chagua lineari na uendelee na maisha yako. Likiwa hapana, tafuta ni kitu gani kinachokataa. Kwa kawaida huwa ni kimoja kati ya vinne. Umbo limebadilika kiasi cha kubadilisha njia ya mzigo, kama nguzo iliyoinama au kebo iliyolegea. Au kuna kiungo kinachofanya kazi upande mmoja tu, kama mishazari yangu ya ghala au msingi unaoweza kunyanyuka kwenye udongo. Au malighafi yenyewe imepita kiwango, chuma kimeanza kunyooka bila kurudi, zege limepasuka. Au jengo halikuwa na umbo moja wakati wote mzigo ulipokuwa unaingia, kwa sababu lilikuwa bado linajengwa.

Swali la pili ni la muda. Je, mzigo unabadilika haraka kiasi cha kuamsha mtikisiko wa jengo? Watu na samani hapana. Tetemeko ndiyo. Jenereta iliyofungwa juu ya slabu ndiyo, hata kama ni ndogo.

Hatua ya 3: Weka lineari panapostahili, na usione haya

Baadhi ya vijana wakishajua uchambuzi usio wa lineari wanataka kuutumia kila mahali, kana kwamba lineari ni ya wanafunzi. Uzito wa jengo la zege la ghorofa tatu, mizigo ya watu na upepo juu yake: hivyo vyote ni lineari na vitabaki hivyo. Faida yake ni kubwa. Unakokotoa kesi tano, unajenga michanganyo hamsini bila gharama yoyote. Iwe ni vizidisho vya 1.4 na 1.6 vya BS 8110, msimbo wa zamani wa zege wa Uingereza ambao ofisi yetu bado inao mezani, au 1.35 na 1.5 vya Eurocode, misimbo ya Ulaya, kazi ni ya kujumlisha tu.

Hatua ya 4: Pima kama P-Delta inahitajika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye maswali mengi. P-Delta ni momenti ya ziada inayoletwa na uzito uliokaa juu ya kitu kilichosogea pembeni.

Chukua nguzo moja ya chuma iliyosimikwa chini, juu iko huru. Kimo mita 6. Juu yake kuna uzito wa kilonyutoni 500, na pembeni inasukumwa na kilonyutoni 20. Inersia ya sehemu ni 9,000 cm⁴, na E, yaani ukakamavu wa chuma chenyewe, ni gigapaskali 200, kwa hiyo EI ni 18,000 kNm². Itengeneze kwenye programu yako, ni kazi ya dakika tano. Igawe vipande vinne au zaidi, na uzime mchango wa nguvu ya kukata kwenye kusogea ili namba zifanane na za mkono.

Kwa lineari, ncha inasogea milimita 80 na momenti ya chini ni 20 mara 6, yaani 120 kNm. Uzito wa 500 hauchangii chochote kwenye momenti, kwa sababu lineari huandika usawa wa nguvu kwenye nguzo iliyonyooka, kama vile haijasogea.

Lakini imesogea. Zile 500 sasa ziko milimita 80 nje ya mstari, na zinaleta 40 kNm za ziada. Hizo nazo zinaisogeza zaidi, nako kusogea kunaongeza momenti, hadi mahali inapotulia. Washa P-Delta uone: ncha inatulia karibu na milimita 134, momenti inafika 187 kNm. Ongezeko la asilimia 56, na hakuna mzigo mpya uliowekwa.

Sasa fanya jaribio la mara mbili. Weka 1,000 juu na 40 pembeni. Lineari inatoa 240, kama ilivyotarajiwa. Ukichukua jibu la P-Delta na kulizidisha kwa mbili kwenye mchanganyo unapata 374. Ukikokotoa kesi mpya yenye mizigo yote iliyoongezwa unapata karibu 1,075 kNm. Nguzo inakaribia kuanguka, na mchanganyo wako umekaa kimya na 374 zake.

Kutokana na nguzo hiyo moja, kanuni ni hii: kesi isiyo ya lineari ipewe mizigo yake yote kwa pamoja, ikiwa imeshazidishwa vizidisho vya usalama, ndani ya kesi yenyewe. Kama una michanganyo kumi, una kesi kumi. Wanaotumia STAAD.Pro wanalijua hili kwa jina lingine: amri ya LOAD COMB inajumlisha majibu tu, na kwa P-Delta lazima utumie REPEAT LOAD ili mizigo iunganishwe kabla ya kukokotoa. Nimeona mafaili ya P-Delta yaliyojaa LOAD COMB, na aliyeyatengeneza anaapa kwamba P-Delta imo.

Utajuaje kama inahitajika? Kwa fremu za chuma, Eurocode 3 inatumia kizidisho cha bakilingi, yaani mara ngapi mzigo uongezwe hadi fremu nzima ichepuke. Kikiwa 10 au zaidi kwa uchambuzi wa elastiki, lineari inatosha. Kwa nguzo yetu ni takriban 1,234 kugawa kwa 500, yaani 2.5, kwa hiyo hakuna mjadala. Kwa majengo kwenye tetemeko, Eurocode 8 inatumia θ kwa kila ghorofa: uzito wote ulio juu yake mara msogeo wa ghorofa hiyo, kugawa kwa nguvu ya pembeni mara kimo cha ghorofa. Uzito 12,000 kN, msogeo milimita 15, nguvu 900 kN na kimo mita 3.2 vinatoa 0.0625. Chini ya 0.1, unaendelea bila P-Delta. Kati ya 0.1 na 0.2 unaweza kuongeza nguvu za tetemeko kwa 1/(1−θ), na θ haitakiwi kupita 0.3.

Tahadhari hapa: msogeo uutoe kwenye jengo lenye ukakamavu halisi. Zege hupasuka. Eurocode 8 inaruhusu kuchukua nusu ya ukakamavu wa zege lisilopasuka, na kwa nguvu ileile milimita 15 zinakuwa 30, θ inakuwa 0.125, na umeshavuka mstari. Wanaopima P-Delta kwa zege lisilopasuka hufaulu kipimo hicho kwa raha mustarehe.

Hatua ya 5: Chagua hali ya kuanzia

Kwenye dirisha la kesi kuna swali dogo juu kabisa: uanze na hali ya sifuri, au na hali ya mwisho ya kesi nyingine isiyo ya lineari? Neno ni lilelile lakini maana mbili.

Kesi isiyo ya lineari ikiendelea kutoka nyingine, inarithi kila kitu: mizigo, misogeo, nguvu. Majibu yake ni ya jumla. Ukianza upepo kutoka mwisho wa uzito, majibu ya upepo tayari yana uzito ndani yake. Ukija tena kuyajumlisha na uzito kwenye mchanganyo, umehesabu jengo mara mbili.

Kesi ya lineari ikitumia hali ya kesi nyingine, inarithi ukakamavu tu. Nguvu hazirithiwi. Majibu yake ni ya mzigo wake peke yake, na uzito utaujumlisha mwenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayotupa njia ya mkato inayotumika kwenye majengo marefu. Unatengeneza kesi moja ya P-Delta yenye mizigo ya wima iliyozidishwa, kisha kesi zote za lineari, pamoja na modi (namna za asili za jengo kuyumba) na tetemeko, zinatumia ukakamavu wake uliopungua. Uzito wa jengo haubadiliki sana upepo ukivuma huku au kule, kwa hiyo ukakamavu huo mmoja unatosha kwa kesi zote, nawe unabaki na uhuru wa kujumlisha. Kwenye ETABS chaguo hili limewekwa tayari kwenye menyu, unachagua mizigo na vizidisho tu. Chagua mchanganyo mzito wa wima, usichague uzito wa jengo pekee.

Hatua ya 6: Tafuta viungo vya upande mmoja

Pitia mchoro kwa jicho, kiungo kwa kiungo, ukiuliza: hiki kinaweza kuvutwa na kubanwa vyote viwili? Nondo za mshazari, kebo, waya za mnara: kuvutwa tu. Udongo chini ya msingi: kubanwa tu.

Kwenye SAP2000 unaweza kukipa chuma kikomo cha kubanwa cha sifuri, halafu ukaridhika. Kikomo hicho kinasomwa na kesi isiyo ya lineari peke yake. Kesi ya lineari inakipita kama haikioni, bila onyo. Ndivyo inavyotokea mtu akasema "mbona nimeweka", na kweli ameweka.

Kwa ghala langu tulifanya hivi: kesi nne zisizo za lineari, upepo wa kila upande ukiwa pamoja na uzito ndani ya kesi moja. Mbili kati ya hizo zilikuwa za upepo unaoinua paa, uzito ukiwa na kizidisho kidogo, kwa kuwa bati jepesi likinyanyuka ndilo linalong'oa bolti za chini. Mishazari ikabadilishwa, bamba zikaongezwa unene. Bei ilipanda kidogo. Mwenye ghala alinung'unika wiki moja.

Kuna njia ya kizamani ambayo bado naipenda kwa kazi ndogo: futa mshazari unaobanwa, acha unaovutwa, kokotoa kwa lineari. Upepo ukigeuka, geuza na mshazari. Kwa tetemeko lililochambuliwa kwa spektra, yaani jedwali la mtikisiko wa juu kabisa kwa kila kipindi cha kuyumba, hii karibu ndiyo njia pekee, maana spektra ni lineari kwa asili yake na haijui kuvutwa wala kubanwa.

Hatua ya 7: Modi kwanza, spektra baadaye

Wapo wanaosema Tanzania hakuna matetemeko. Bukoba waulizwe kuhusu tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Bonde la Ufa halijalala, na jengo la ghorofa kumi lililoko upande ule lina haki ya kupata kesi ya tetemeko.

Spektra haiwezi kukokotolewa bila modi, na modi haziwezi kuwa sahihi bila masi. Angalia chanzo cha masi kabla ya kitu kingine. Uzito wa jengo uingie mara moja. Kosa la kawaida ni kuchukua masi kutoka kwenye vipande vya jengo na pia kutoka kwenye mzigo wa DEAD, ambao nao umebeba uzito wa vipande hivyohivyo.

Kokotoa modi peke yake kwanza, kisha linganisha kipindi cha kwanza (muda wa jengo kuyumba mara moja kwenda na kurudi) na cha mkono. Eurocode 8 ina fomula ya haraka: kwa fremu za zege, 0.075 mara kimo kwa kipeo 0.75. Jengo la mita 30 linatoa sekunde 0.96. Programu ikikupa 1.3 au 0.8, tunaongea lugha moja. Ikikupa sekunde 9, kuna boriti isiyoshikana na nguzo yake. Ikikupa 0.03, umekosea vipimo vya masi. Angalia pia umbo la modi likicheza kwenye skrini. Jengo zima linatakiwa kuyumba. Ukiona boriti moja inapepea peke yake kama bendera na kwingine kote kumetulia, boriti hiyo haijaunganishwa.

Idadi ya modi: programu hukuwekea 12. Usiziamini, fungua jedwali la ushiriki wa masi uone jumla imefika asilimia 90 kwa kila upande wa mlalo. Kama jengo lina ghorofa za chini ya ardhi zenye kuta nzito, masi ya kule chini ni kaidi na hata modi 40 zinaweza zisiifikie. Hapo badili aina ya modi kutoka za Eigen kwenda za Ritz, ambazo hutafutwa kwa kufuata mzigo wenyewe. Mara nyingi idadi ndogo tu inatosha.

Kisha spektra. Kizidisho ndicho kinachowaponza watu. Kama jedwali lako la spektra limeandikwa kwa g na unafanya kazi kwa mita, kizidisho ni 9.81, kwa milimita ni 9,810. Jamaa mmoja niliyekaa naye dawati moja aliacha 1, akapata jengo ambalo tetemeko halikulitikisa hata kidogo, akaandika kwenye ripoti kwamba upepo ndio unaotawala. Ufifishaji, yaani kiasi jengo linavyopunguza mtikisiko lenyewe, uachwe asilimia 5 kama msimbo unavyodhani. Kuunganisha modi tumia CQC, njia inayozingatia ukaribu wa vipindi. SRSS, yaani kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vya pili, ni halali pale vipindi vinapoachana vya kutosha, na jengo la mraba lina vipindi viwili vinavyokaribia kulingana, kimoja kila upande, pengine na cha msokoto karibu yake. Pande mbili za tetemeko ziunganishwe kwa asilimia 100 na 30, na kinyume chake.

Majibu ya spektra yote ni chanya. Alama zimepotea wakati wa kutafuta kipeo cha pili na kisha kipeuo chake. Kwa hiyo usijaribu kuhakikisha kwamba nguvu za maegemeo zinasawazika, hazitasawazika, na wala usitafute tofauti ya msogeo wa ghorofa mbili kwa kutoa namba moja kwenye nyingine. Iache programu ikokotoe tofauti hiyo modi kwa modi. Mwisho, linganisha jumla ya nguvu ya pembeni kwenye kitako cha jengo na ile ya njia rahisi ya nguvu sawa za pembeni. Zikiachana sana, rudi kwenye masi.

Hatua ya 8: Kwa jengo refu, lijenge ghorofa kwa ghorofa

Programu ikikokotoa DEAD kwa lineari, inadhani jengo zima limemiminwa usiku mmoja bila uzito, halafu asubuhi mvutano wa dunia ukawashwa.

Nguzo ya mita 30 yenye mkazo wa wastani wa megapaskali 8, E ikiwa 30,000, inafupika milimita 8. Ukuta wa lifti ulio karibu nayo, wenye mkazo wa 3, unafupika 3. Kwenye ghorofa ya kumi tofauti ni milimita 5, na boriti inayounganisha viwili hivyo inapata momenti kubwa upande wa ukuta. Unaijaza nondo. Lakini fundi anapomimina ghorofa ya kumi hupima kwa leveli. Ufupisho uliokwishatokea chini yake ameshausawazisha kwa zege bila kujua wala kujali, na sehemu kubwa ya momenti ile haijawahi kuwepo.

Kesi ya hatua za ujenzi inarekebisha hilo kwa kuongeza ghorofa moja baada ya nyingine. Kwa jengo la ghorofa tatu au nne sijisumbui. Kuanzia kama kumi natumia, na natumia bila kujali urefu pale penye boriti kubwa inayobeba nguzo ya juu isiyofika chini. Boriti kama hiyo kwenye DEAD ya kawaida inaonekana nyepesi kwa sababu ghorofa zote za juu zinaisaidia kubeba, wakati ukweli ni kwamba ilipokuwa inabeba ghorofa ya kwanza, za juu zilikuwa bado karatasi.

Hatua ya 9: Zilizobaki, kwa ufupi

Bakilingi ina kesi yake. Inakupa kizidisho peke yake, haina nguvu za kusanifia. Ipe mchanganyo mzima wa mizigo, usiipe upepo mtupu. Kizidisho hasi maana yake jengo lingechepuka mzigo ukigeuzwa. Na modi za kwanza mara nyingi ni za kichuma kimoja chembamba. Zipite hadi uone fremu nzima ikiinama.

Historia ya muda ni ya mashine, madaraja ya miguu na matetemeko yenye rekodi halisi. Hatua ya muda iwe kama sehemu ya kumi ya kipindi kifupi unachokijali. Jengo likiwa lineari tumia njia ya modi, ni ya haraka mno. Kebo na minara yenye waya huchambuliwa kwa misogeo mikubwa, ikianzia kwenye kesi ya kukaza waya. Pushova, yaani kulisukuma jengo pembeni hatua kwa hatua hadi lishindwe, iache hadi mteja aiombe na alipie.

Hatua ya 10: Jaribu kuivunja kazi yako

Jumla ya nguvu za wima za maegemeo kwenye DEAD, kugawa kwa eneo la sakafu zote: jengo la kawaida la zege linakupa kama kilonyutoni 8 hadi 12 kwa mita ya mraba, na namba ya 25 ni ya kuchunguzwa. Kesi isiyo ya lineari ikiisha, soma faili la kumbukumbu, maana programu inaweza kusimama kwenye asilimia 60 ya mzigo na bado ikakuonyesha majibu yenye rangi nzuri.

Kisha nakili faili, ongeza mzigo wa kila kesi mara mbili, kokotoa tena. Kesi zote zilizoandikwa lineari zitaongezeka mara mbili, hazina namna nyingine. Kinachotafutwa ni zile zisizo za lineari. Ikiwa kesi ya P-Delta imeongezeka mara mbili kamili hadi desimali ya tatu, basi P-Delta haikuwashwa. Kwa viungo vya upande mmoja mara mbili haitoshi, geuza mwelekeo wa mzigo: majibu yakigeuka alama tu, basi kikomo cha kubanwa kimewekwa kwenye chuma kisichohusika. Fungua kesi hiyo, anza na hatua ya 4 au ya 6.